Kipande cha kwanza kisikudanganye

Wadogo zangu mliojiunga nasi baada ya mbio za Moshi, karibuni sana. Wengi wenu mmetoka kwenye klabu za jogingi, mmeshamaliza nusu marathoni ya kwanza, na Jumanne hii mtaingia uwanjani kufanya intavali, au vipande kama tunavyoviita wenyewe: unakimbia umbali mfupi kwa kasi, unapumzika kidogo, unarudia. Nimekimbia vipande hapa Arusha kwa miaka kumi na mbili. Miaka minne ya mwanzo nilivikimbia vibaya, na sipendi mpite nilikopita.

Kwanza mjue tuko wakati gani. Msimu umekwisha, masika yanaingia, na mbio nyingine za maana ziko mbali. Hiki ni kipindi cha kujenga. Vipande vya karibu na shindano vinakuzoesha mwendo wa siku ile. Hivi vya sasa vinaupa moyo, mapafu na miguu nguvu ya kuja kubeba vile vigumu. Kwa hiyo ukimaliza mazoezi ya mwezi wa nne umelala chali kwenye nyasi, hata kamba za viatu huwezi kuzifungua, ujue umekosea, hata kama saa imekuonyesha namba za kujivunia.

Mimi nilikosea hivyo siku yangu ya kwanza. Nilikuwa na miaka 22, nakimbia kilomita 10 kwa dakika 38. Mazoezi yalikuwa vipande vinane vya mita 400, jogingi ya dakika moja na nusu katikati. Nikajipanga na vijana wa mbele, watu wa dakika 31, kwa sababu niliona aibu kukaa nyuma. Kipande cha kwanza nikakimaliza kwa sekunde 73, na niseme kweli, nilijisikia mwepesi kama karatasi. Cha pili 75. Cha tatu 80. Cha nne 88, na hapo shingo ilishakakamaa na mikono imepanda kifuani. Cha tano 97. Cha sita sikukianza.

Kocha wetu alikuwa na desturi ya kushika kokoto mkononi, moja kwa kila kipande, na kila tukipita mstari anaidondosha moja. Aliponiona nimekaa chini alikuja akafungua kiganja changu, akaziweka zile tatu zilizobaki. Akasema, "Mazoezi yalikuwa hizi."

Ilinichukua muda kumwelewa. Unapoanza kukimbia kwa kasi, misuli ina akiba yake ndogo ya nguvu isiyongoja hewa. Mwili nao unahitaji kama dakika moja hadi mbili kabla moyo na mapafu havijafikisha oksijeni kwa kiwango kinachotakiwa. Katikati ya hapo unakimbia kwa mkopo, na mkopo hauumi siku unapopewa. Ndiyo maana kipande cha kwanza huwa chepesi kwa kasi yoyote ile, iwe sahihi au ya kijinga. Kile unachokitafuta, yaani moyo kufanya kazi kwa nguvu kwa muda mrefu bila kuvunjika, kinapatikana kwenye vipande vya katikati na vya mwisho. Ukiungua kwenye vitatu vya mwanzo, vile vinavyokujenga hutavifikia.

Basi mwendo wako unaupataje? Chukua muda wako wa kilomita 10 wa sasa hivi. Si ule wa miaka miwili iliyopita, wala ule unaoutamani. Tuseme unakimbia kwa dakika 50. Hiyo ni dakika 5 kwa kilomita, dakika 2 kamili kwa mita 400. Kwa kipindi hiki, vipande vyako vya mita 400 viwe kati ya dakika 1 na sekunde 55 na dakika 2. Vya mita 1,000 viwe dakika 5, au sekunde chache chini yake. Najua mtaniambia ni polepole. Cha kwanza ni polepole, naam. Nisubirini kwenye cha saba.

Cha kwanza kiwe ndicho cha polepole kuliko vyote, na cha mwisho kiwe cha kasi zaidi kwa sekunde moja au mbili, si zaidi. Na mtazame mita 100 za mwanzo za kila kipande, maana wizi unafanyikia pale. Mtu wa dakika 2 anapaswa kupita alama ya mita 100 kwa sekunde 30. Nimesimama pale na saa mara nyingi, wageni wanapita kwa 24 au 25, mabega juu, halafu mita 100 za mwisho wanazikokota kwa 36. Jumla inatoka ileile dakika 2, lakini miguu imelipa bei nyingine kabisa. Anza kama unamsindikiza mgeni mlangoni, ingia kwenye mwendo wako taratibu, kisha ukae hapohapo.

Sasa mapumziko, ambayo ndiyo hasa yamenifanya niandike. Wageni wengi wanadhani ile dakika na nusu katikati ni nafasi tupu, kama mapumziko ya mpira wa miguu. Waliounda mazoezi haya waliona kinyume chake. Kule Freiburg, Ujerumani, kocha Woldemar Gerschler na daktari wa moyo aitwaye Reindell waliamini kwamba moyo unajengeka wakati ule wa kupumzika. Utaratibu wao ulikuwa rahisi: kimbia mpaka mapigo yafike kama 180 kwa dakika, kisha pumzika mpaka yashuke hadi 120. Yasiposhuka ndani ya sekunde 90, ulikimbia kwa kasi mno. Gerschler ndiye aliyemfundisha Rudolf Harbig, ambaye mwaka 1939 mjini Milan alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6, rekodi iliyodumu miaka 16.

Huhitaji saa ya gharama kulifanya hilo. Weka vidole viwili shingoni, pembeni ya koo, hesabu mapigo kwa sekunde 10. Ukipata 20, uko kwenye 120, endelea. Ukipata 26 na muda wa mapumziko umekwisha, kipande kilichopita kimekushinda, na kinachofuata kipunguze kasi. Kwa mtu wa miaka 45 au 50 namba hizo hazikai vilevile, maana moyo wake haupandi kufika kule unakopanda wa kijana. Yeye nampa kipimo kingine: kabla hujaanza tena, taja jina lako, la baba yako na la babu yako kwa pumzi moja. Ukikwama kwa baba, bado.

Wakati wa kupumzika usikae chini. Ukishika magoti sekunde kumi si dhambi, lakini baada ya hapo tembea, kisha uingie jogingi ya polepole kabisa, ile ambayo bibi mwenye ndoo kichwani anaweza kukupita. Miguu inayosogea inarudisha damu moyoni na kusafisha uchovu wa misuli haraka kuliko miguu iliyosimama, na ukisimama ghafla damu inabaki chini, kizunguzungu kinakupata. Wageni kabisa watembee nusu ya muda, hakuna atakayewacheka.

Kwa mita 400 nawapa dakika moja na nusu hadi mbili. Kwa mita 1,000, mbili hadi tatu. Muda huo uheshimiwe kama umbali wenyewe. Kuna anayeurefusha kwa kufunga kamba, kunywa maji na kupiga soga. Kuna mwingine anayeukata ili tuone ana nguvu. Huyu wa pili ananisumbua zaidi, maana kwa kawaida ndiye mwenye bidii, na ndiye anayekuja kuumia. Wiki hii ukiongeza idadi ya vipande, acha kasi na mapumziko vilevile. Ukipunguza mapumziko, kasi ibaki ileile. Kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Masika nayo yana sheria zake. Tope likiganda kwenye soli, kiatu kinakuwa kizito kama tofali na saa inapoteza maana. Siku hizo tunaacha uwanja, tunakwenda barabara za Ngaramtoni na kukimbia kwa dakika: dakika 3 kasi, dakika 2 polepole, mara sita. Juhudi ileile, umbali utakaotoka wowote. Majirani zetu wa Kenya wana jambo hilohilo kule Iten, fatleki ya Alhamisi, yaani kukimbia kwa kubadili kasi na polepole, kwenye barabara za vumbi, dakika moja kasi, dakika moja polepole, mara ishirini na zaidi. Nilikaa huko wiki tatu. Ni mwinuko wa mita 2,400 hivi, elfu moja juu ya Arusha, na nilitegemea kuona watu wasiopumzika. Nilichokiona ni kundi kubwa ambalo dakika yake ya kasi sikuiweza hata mara moja, na dakika yake ya polepole ilikuwa polepole kweli, mpaka waliokuwa mbele yangu wakawa wanaongea.

Mtakutana na wazee watakaowaambia kwamba Filbert Bayi hakuwa anabembeleza, alikuwa anatoka mbele tangu mlio wa bastola. Ni kweli, na nawaomba mlijue jambo hilo vizuri kwa sababu ni letu. Christchurch, New Zealand, 1974, mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, akaongoza mwanzo mpaka mwisho, na John Walker aliyekuwa nyuma yake naye alipita chini ya rekodi ya zamani. Lakini ile ilikuwa fainali, ya mtu aliyekwisha kuipima pumzi yake mpaka mwisho. Sisi tuko mwezi wa nne. Mtazameni pia Alphonce Simbu, Tokyo, Septemba 2025. Kilomita 42, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wote waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na kilichowatenganisha ni sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha ilitoka kwenye miguu ambayo mpaka hatua ya mwisho ilikuwa bado na kitu.

Ndiyo maana nataka mtoke uwanjani kila Jumanne mkiwa na uwezo wa kipande kimoja zaidi, na msikikimbie.

Mengine ni mafupi. Vipande mara moja tu kwa wiki mpaka wiki sita zipite. Siku mbili zinazofuata ni jogingi nyepesi au kupumzika kabisa, na usingizi. Kula ndani ya saa moja baada ya mazoezi, uji wa maziwa na viazi vitamu vinatosha, usingoje mchana. Ukiona vipande viwili mfululizo vimechelewa zaidi ya sekunde tano, mazoezi yamekwisha, jogi mpaka nyumbani, hujashindwa. Maumivu makali ya ghafla ya kigimbi cha mguu au kifua, simama palepale. Na ukiamka na homa usije kabisa, kapime malaria kwanza. Nimewahi kuwabeba wawili waliodhani jasho litaitoa.

Jumanne tunaanza kupasha saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, dakika ishirini za jogingi na mikimbio minne mifupi ya kulegeza miguu, kisha vipande sita vya mita 400. Njooni na sweta la kuvaa baadaye. Kokoto nitakuwa nazo mimi.