Muulize Fundi Umeme: Redio orijino kwenye gari la zamani

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari dogo la saluni la mwaka 1986 nililoachiwa na baba. Redio yake ya kaseti imekufa. Sitaki haya madude yanayowaka taa za rangi zote, kwa hiyo nimenunua redio orijino iliyotolewa kwenye gari la kampuni ileile, la miaka ya 2000. Plagi zake haziingii kwenye gari langu, na yenyewe ni nene kuliko nafasi iliyopo. Fundi anasema nimwachie akate plagi na dashibodi, jioni nije kuchukua gari. Nimruhusu?

JIBU: Marahaba. Usimruhusu, na ufunguo usimwachie.

Chukua rula. Nafasi ya kawaida ya redio ni milimita 180 kwa 50, na redio nene ni 180 kwa 100. Toyota wana yao pana zaidi, 200 kwa 100. Sasa angalia chini ya redio yako ya kaseti. Magari mengi yana kijisanduku cha kuwekea vitu pale, na urefu wake ni uleule wa 50. Kikitoka hicho, nafasi ya 100 imepatikana bila msumeno. Pima na kina pia, plagi zikiwa zimechomekwa, maana nyuma ya dashibodi za zamani kuna mabomba ya hita. Kama haiingii, tafuta redio nyembamba ya kampuni hiyohiyo. Dashibodi ikishakatwa imekatwa.

Kabla ya yote, iwashe mezani kwa betri ya volti 12. Juu ya kasha mara nyingi kuna kibandiko kinachoonyesha kazi ya kila pini. Ikidai namba ya siri na muuzaji hanayo, mrudishie. Na zipo redio za miaka hiyo ambazo haziwashwi na waya wa swichi hata kidogo: zinangoja ujumbe kutoka kompyuta ya gari. Gari la 1986 halina ujumbe wa kuipelekea. Hiyo nayo irudi ilikotoka.

Ikiwaka, tafuta plagi jike inayopokea redio, na dume linaloingia kwenye plagi ya gari. Jike utalipata kwenye gari bovu la aina ilikotoka redio, na dume kwenye redio ya gari bovu la aina yako. Ziunganishe nyaya zake mezani kwa risasi ya kulehemu, kila kiungo kivae mpira wake wa kubana kwa joto. Gari linabaki kama lilivyotoka kiwandani, na siku ukitaka kurudisha ya kaseti unachomeka tu.

Usiamini rangi za waya, gari hili lina miaka mingi na limepita mikono mingi. Tumia mita ya kupimia umeme. Waya wenye volti 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni ni wa kumbukumbu. Unaopata umeme ufunguo ukifika hatua ya kwanza ndio wa kuwasha. Mafundi wavivu huwa wanaziunganisha hizi mbili pamoja: zikifungwa kwenye swichi stesheni zinafutika kila ukizima, zikifungwa kwenye betri redio inainyonya usiku kucha. Upo na wa tatu, unaopata umeme ukiwasha taa ndogo. Wengi huuacha unaning'inia, nami sielewi kwa nini, maana ndio unaowasha vitufe pamoja na saa na mita za mbele. Bila huo, redio orijino usiku inaonekana ya kubandikwa.

Hatari yenyewe iko kwenye spika. Redio nyingi za zamani zilipeleka waya mmoja kwenye spika, umeme ukarudi kwa bodi ya gari au kwa waya mmoja uliochangiwa na spika mbili. Redio yako mpya haifanyi hivyo. Kila spika ina nyaya mbili, zote zinasukumwa na redio yenyewe, na kila mmoja unakaa kwenye karibu volti 6. Ukigusisha mmoja na bodi, redio ikiwa na bahati inajizima, ikikosa bahati ampulifaya inaungua. Kwa hiyo ng'oa plagi ya spika, weka mita kwenye omu: spika ya omu 4 itasoma tatu na pointi, na kati ya waya wowote wa spika na bodi mita isisome kitu. Ikisoma, pitisha nyaya mpya mbilimbili hadi kila mlango. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato. Ukimaliza, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye kila spika. Koni zote zichomoze upande mmoja, la sivyo besi itapotea.

SWALI: Gari langu limetoka Japani na redio yake. Inashika stesheni chache tu.

JIBU: FM ya Japani huanzia 76, na redio za zamani huishia 90. Kuna kifaa kidogo kinachokaa kati ya antena na redio na kushusha masafa. Cha kushusha 20 kinafanya stesheni ya 98.4 isikike kwenye 78.4. Ila chenyewe hakifikishi zilizo kati ya 90 na 96, kwa hiyo angalia kwanza unazozipenda ziko wapi.

SWALI: Nina gari la Uingereza la mwanzo wa miaka ya 1960. Kila nikifunga redio ya kisasa fyuzi inakatika.

JIBU: Angalia betri. Magari mengi ya Uingereza ya wakati huo yalifunga chanya kwenye bodi, wakati kasha la redio yako ni hasi. Likigusa chuma cha dashibodi ni shoti. Usihangaike kulifunika kwa mpira, maana hata ganda la waya wa antena ni hasi. Mpe fundi wa elektroniki ile redio ya zamani, atoe matumbo yake na kuweka saketi mpya inayokubali chanya kwenye bodi. Vitufe vya kuzungusha vibaki vilevile.