Straika wa Ughaibuni: Maswali Yenu Kuhusu Samatta, Olunga na Vijana Wanaotaka Kuwafuata

Makala ya mwezi uliopita kuhusu miaka ya Mbwana Samatta, straika wa Tanzania, nje ya nchi imeleta ujumbe mwingi, kutoka kwa wazazi, makocha wa mitaani, vijana wenyewe na mashabiki wenye machungu yao. Nimechagua maswali yanayojirudia. Nimeyafupisha bila kubadili kinachoulizwa.

Kwa kipaji kile, kwa nini Samatta alikwenda kwanza Kongo badala ya Ulaya? Si alipoteza miaka? (Msomaji, Temeke)

Hakupoteza hata mmoja, kaka. Mwaka 2011 TP Mazembe ya Lubumbashi, klabu iliyomchukua, walikuwa mabingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, na miezi michache kabla walikuwa wamecheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia. Walipokutana na Simba, timu yake ya wakati ule, kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, walimwona Samatta kwa macho yao, akiwakimbiza mabeki wao. Hakupelekwa kwao na video wala maneno ya wakala.

Lubumbashi alikuta mji unaozungumza Kiswahili sokoni na mtaani, na baadaye akawa na Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, kikosini. Kwa kijana anayeondoka nyumbani kwa mara ya kwanza, hilo ni jambo kubwa kuliko tunavyodhani. Muhimu zaidi, alicheza. Kila mwaka alikuwa na mechi za Afrika, viwanja vigumu vya ugenini, mabeki waliomzidi umri na ujanja. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa ubingwa wa Afrika kwa kuwafunga USM Alger ya Algeria, na Samatta alifunga katika mechi zote mbili za fainali. Alimaliza mashindano akiwa na mabao 7. Januari 2016, kule Abuja, akatangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na mwezi huohuo akasaini KRC Genk ya Ubelgiji akiwa na miaka 23.

Kwa hiyo Genk walinunua mfungaji aliyekwisha kuthibitika. Ndiyo maana ninawaambia vijana: angalia utacheza mechi ngapi, halafu ndipo uulize nchi ni ipi.

Mwanangu ana miaka 16, ni mshambuliaji. Kuna wakala anasema amempatia majaribio Uturuki, ila tutoe milioni 4 za viza na "usajili wa awali". Tunauza kiwanja. Unashauri nini? (Mama, Morogoro)

Mama yangu, shikamoo. Tafadhali msiuze kiwanja.

Kwanza kabisa, kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Kuna misamaha michache: wazazi wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira, au kijana anaishi karibu sana na mpaka na klabu iko ng'ambo ya pili, au anahama ndani ya nchi za Umoja wa Ulaya akiwa na miaka 16 au zaidi. Mtoto wa Morogoro anayekwenda Uturuki hayumo humo. Hata akipendwa na kocha, klabu haiwezi kumsajili. Sasa hiyo milioni 4 inanunua nini?

Pili, wakala halali ana leseni ya FIFA, na jina lake linaonekana kwenye tovuti ya FIFA. Mwombeni namba ya leseni. Kipato chake ni kamisheni ya mkataba uliosainiwa, hakitoki kwenye mfuko wa mzazi kabla kijana hajagusa mpira. Barua ya mwaliko isiwatishe, nembo ya klabu mtu yeyote anaipakua kwenye simu. Tafuteni wenyewe anwani ya klabu kwenye tovuti yake rasmi, muulize kama wanamfahamu mtu huyo, kisha mpeleke barua hiyo TFF, shirikisho la soka la Tanzania.

Ninaandika kwa uchungu kwa sababu yanayofuata baada ya malipo yanajulikana. Kijana anasafiri kwa viza ya utalii, anapelekwa mazoezini kwenye uwanja wa kukodi, kisha simu ya wakala haipokelewi tena. Pasipoti wakati mwingine imeshikwa na mtu mwingine. Anabaki kwenye chumba cha watu wanane, viza inaisha, na anaona aibu kupiga simu nyumbani kwa sababu anajua kiwanja kiliuzwa.

Mwanao ana miaka 2 ya kucheza hapa, kusoma na kukua. Kama ni mfungaji kweli, miaka hiyo haitamharibia.

Tuseme ukweli, Samatta alifeli Uingereza. Mbona waandishi mnamsifia? (Msomaji, Mwanza)

Tuuseme wote basi. Aston Villa walimnunua Januari 2020, kwa ada iliyotajwa kuwa kama pauni milioni 8.5, kwa sababu mshambuliaji wao Wesley alikuwa ameumia goti vibaya siku ya mwaka mpya. Timu ilikuwa inapigania kutoshuka daraja, na anayeingia katika timu ya namna hiyo katikati ya msimu hapewi muda wa kuzoea. Kabla ya hapo palikuwa na kikwazo cha kibali cha kazi: Uingereza wakati ule ilitaka mchezaji atoke katika nchi iliyo ndani ya 50 bora za FIFA, na Tanzania ilikuwa mbali sana na hapo. Ilibidi hoja yake ipelekwe kwenye jopo maalumu.

Mechi yake ya kwanza ya ligi, ugenini kwa Bournemouth, alifunga. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufunga Ligi Kuu ya Uingereza kabla yake. Machi 1 akaanza fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City pale Wembley. Villa walikuwa nyuma 2-0. Dakika ya 41 mwenzake Anwar El Ghazi akaukata mpira kuja katikati, chini chini, urefu ambao wengi wangeuwahi kwa mguu na kuupaisha. Samatta akajirusha mbele na kuupiga kwa kichwa, kipa Claudio Bravo hakuupata. Villa walilala 2-1, lakini bao lile halikuwa la bahati. Ni la mtu aliyejua beki yuko wapi bila kumtazama.

Siku chache baadaye ligi ikasimama kwa sababu ya korona. Iliporudi Juni, uwanja ukiwa mtupu, timu ilijilinda zaidi na mipira ya kumfikia ikawa michache. Aliondoka na bao 1 katika mechi 14 za ligi. Villa walinusurika siku ya mwisho, wakamnunua mshambuliaji Ollie Watkins, naye Samatta akaenda Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo.

Kwa hesabu za straika, bao 1 ni kidogo, na hilo silifichi. Ninachokataa ni kuichukua miezi 6 ile kuwa ndiyo kazi yake yote. Huyu ni mtu aliyefunga mabao 23 ya ligi msimu wa 2018/19 Genk wakitwaa ubingwa wa Ubelgiji, akafunga kwa kichwa Anfield, uwanja wa Liverpool, kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya, akaja kuwa bingwa wa Ugiriki na PAOK mwaka 2024, na mwaka 2025 akasajiliwa Le Havre ya Ufaransa akiwa na miaka 32. Klabu za Ulaya hazimlipi mtu wa umri huo kwa huruma.

Nafundisha watoto bila malipo. Mmoja akija kuuzwa Ulaya, sisi tunapata chochote? (Kocha, Kigoma)

Mwalimu, mnapata, mkiwa na karatasi. Mchezaji anapouzwa nchi za nje akiwa na mkataba, 5% ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa kutimiza miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Ada ikiwa dola milioni 1, kila mwaka aliokaa kwenu kati ya miaka 12 na 15 una dola 2,500, na kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 una dola 5,000. Inarudiwa kila anapouzwa tena.

Lakini timu yenu lazima iwe imesajiliwa chini ya chama cha soka, na mtoto awe ameandikishwa kwenu kwa jina na tarehe sahihi. Hapa ndipo tunapojinyima wenyewe. Mtoto anacheza miaka 4 bila leseni, au umri umechakachuliwa, na siku ya kudai hakuna kinachoonyesha kuwa alipita kwenu. Anza usajili msimu huu.

Ni kweli Olunga alifunga mabao 8 katika mechi moja? (Msomaji, Kisumu)

Kweli kabisa, Michael Olunga wa Kenya. Novemba 2019, daraja la pili Japani, timu yake Kashiwa Reysol 13, Kyoto Sanga 1. Mwaka uliofuata, wakiwa wamepanda, alifunga mabao 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi kuu ya Japani. Na alikuwa amepita Sweden, China na Hispania, na Girona ya huko Hispania hakupata nafasi ya kudumu licha ya kufunga hat-trick dhidi ya Las Palmas. Aliipata Japani, kisha Qatar.

Mchezaji asipolipwa mshahara huko nje afanye nini? (Msomaji, Tanga)

Asiondoke kimya. Kanuni ya FIFA inasema ikipita mishahara ya miezi 2 bila kulipwa, aiandikie klabu na kuipa walau siku 15 ilipe. Isipolipa, ana haki ya kuvunja mkataba na kudai. Mtanzania Simon Msuva aliishitaki klabu yake ya Morocco mbele ya FIFA kwa madai ya fedha zake, na akashinda. Atunze nakala ya mkataba, taarifa za benki na kila barua pepe.

Samatta alikuwa anafunga Genk, mbona Taifa Stars mabao yalikuwa machache? (Msomaji, Dodoma)

Tazama waliokuwa nyuma yake Genk msimu wa 2018/19: Malinovskyi, Trossard, Pozuelo. Hao walimwekea mpira pale anapoukimbilia, wiki baada ya wiki, mazoezini na kwenye mechi. Kwa Stars anafika Jumatatu au Jumanne akiwa na uchovu wa ndege, anafanya mazoezi siku chache, kisha mara nyingi anarudi katikati ya uwanja kuutafuta mpira mwenyewe. Mabeki nao wanajua ni nani wa kumkaba. Hata hivyo AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) 2019, ya kwanza kwetu tangu 1980, alifunga dhidi ya Kenya.

Mimi ni msichana, nina miaka 17, nafunga sana. Hizi njia ni za wanaume tu? (Msomaji, Singida)

Hapana, mdogo wangu. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, na mwaka 2024 akasajiliwa Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga anafunga Saudi Arabia akiwa na Al-Nassr. Ligi ya wanawake hapa inafuatiliwa na watu wa nje kuliko unavyodhani.

Malizia shule. Ingia timu inayocheza Ligi Kuu ya Wanawake au daraja la kwanza, ili mechi zako ziwe na kumbukumbu rasmi. Cheti cha kuzaliwa kilingane na jina la kwenye leseni yako, herufi kwa herufi, maana uhamisho hukwama kwa kosa dogo la jina. Omba mtu akurekodie mechi zako nzima, siyo mabao tu: maskauti wanataka kuona unafanya nini dakika ambazo huna mpira. Ukiitwa majaribio yoyote kabla ya kutimiza 18, soma kwanza jibu nililompa mama wa Morogoro, kisha niandikie tena.