Kipandikizi cha jino: kwa nini nisubiri miezi yote hiyo?

Swali: Habari daktari. Niling'olewa gego la chini miaka 4 iliyopita na pengo lipo hadi leo. Nimekwenda kuulizia kipandikizi, nikapigwa picha na kuambiwa mfupa umepungua, huenda ukahitaji kuongezwa, na jino lenyewe nitalipata baada ya miezi kadhaa. Mdogo wangu alipandikiziwa jino la mbele akarudi nyumbani siku hiyohiyo akiwa na jino. Nina miaka 46 na nina kisukari. Je, nacheleweshwa bure? Au nichague daraja, lile jino bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani?

Jibu: Hucheleweshwi, na aliyekuambia ukweli huo kabla ya kukutoboa amekutendea haki.

Mfupa unaoshika meno upo kwa ajili ya meno. Jino likitoka, mfupa hukosa kazi na mwili huanza kuupunguza. Ndani ya mwaka wa kwanza upana wake unaweza kupungua hata kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Wewe umekaa na pengo miaka 4. Kipandikizi ni skrubu ya titani inayoshika nafasi ya mzizi, nayo ni lazima izungukwe na mfupa pande zote. Mahali ni pembamba? Basi mfupa huongezwa kwanza, au siku ileile ya kupandikiza kama upungufu ni mdogo.

Kusubiri kunatokana na jinsi titani inavyoshika. Hakuna gundi. Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mzunguko wa damu katika mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vya titani. Alipotaka kuvitoa, vilikuwa vimeshikana na mfupa. Mgonjwa wake wa kwanza wa meno alipandikiziwa mwaka 1965. Hadi leo tunategemea jambo hilohilo: mfupa mpya ujijenge hadi uiguse skrubu yenyewe. Kwa kawaida huchukua miezi 3 hivi taya la chini, na hata 6 taya la juu, ambako mfupa ni laini zaidi. Skrubu ikitikiswa mapema mno, panajengeka nyama ya kovu badala ya mfupa, na skrubu hulegea.

Mdogo wako huenda alipewa jino la muda, lililochongwa lisigongane na la taya lingine. Kwa jino la mbele hilo linawezekana. Gego ndilo linalobeba uzito wa kutafuna, kwa hiyo nisingelikimbiza.

Upasuaji wenyewe usikutishe. Unapigwa ganzi, ufizi unafunguliwa, mfupa unatobolewa hatua kwa hatua huku ukimwagiwa maji, kwa sababu joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu linatosha kuudhuru. Wagonjwa wangu wengi husema kung'olewa jino kuliwaumiza zaidi. Ninaloliogopa mimi ni mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini. Ukiguswa, mdomo na kidevu vinaweza kubaki na ganzi. Mwombe daktari akuonyeshe kwenye picha mshipa huo ulipo na umbali utakaoachwa.

Kisukari hakikuzuii kikiwa kimedhibitiwa. Nenda na majibu ya kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3. Kama unavuta sigara, acha kabla ya upasuaji, maana moshi hudhoofisha uponaji. Na kama umewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa, hasa za sindano, useme mapema, usingoje kuulizwa.

Kuhusu daraja: ili kulifunga, meno mawili ya jirani huchongwa. Kama ni mazima, mimi binafsi naona uchungu kuyachonga. Kama yana vijazio vikubwa na yanahitaji kuvikwa taji, yaani kofia ya jino, hata hivyo, daraja ni uamuzi wa busara, na utalipata ndani ya wiki chache.

Ila kuna jambo hukulitaja. Baada ya miaka 4, gego la juu linalotazamana na pengo huenda limeshuka, na majirani wakalalia nafasi hiyo. Mwulize daktari kama taji la juu ya skrubu litapata nafasi ya kusimama; wakati mwingine meno hayo hurekebishwa kwanza, ndipo skrubu iwekwe.