Je, Mungu alikuwa mwaminifu kwa waliofia utumwani Misri?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Tunafundishwa kwamba Mungu aliwatoa Waisraeli Misri kwa kuwa ni mwaminifu. Lakini Mwanzo 15 inataja miaka 400 ya mateso. Waliozaliwa watumwa wakafa watumwa kabla Musa hajaja, uaminifu huo uliwafaa nini? Tena mwenzangu wa kikundi cha maombi anasema walichelewa kutoka kwa sababu ya imani haba. Ni kweli?

Jibu: Amina, dada yangu. Wahubiri wengi tunaruka kutoka kikapu cha Musa mtoni hadi Bahari ya Shamu, na watu unaowaulizia tunawaacha katikati.

Kwanza hiyo miaka. Mwanzo 15:13, neno la Mungu kwa Ibrahimu kuhusu uzao wake, inajumlisha ugeni na utumwa. Nyumba ya Yakobo ilishuka Misri ikiwa watu 70, ikakaa Gosheni kwa heshima ya Yusufu. Shida ilianza alipotawala mfalme asiyemjua Yusufu, akawatia kazini kujenga miji ya akiba, Pithomu na Ramesesi. Hata hivyo swali lako linabaki palepale, maana wapo waliokufa na udongo wa matofali mikononi, na watoto wa kiume walitupwa mtoni kwa amri ya Farao. Hao hawakuvuka bahari. Biblia haifichi jambo hilo, nami sitalipaka sukari.

Ila Mungu hakungoja Musa ndipo aanze kazi. Soma Kutoka 1. Wakunga wawili, Shifra na Pua, waliagizwa waue watoto wa kiume, wakakataa, na Mungu akawajalia nyumba zao wenyewe, utumwa ukiwa bado umepamba moto. Kadiri watu walivyoteswa ndivyo walivyozidi kuongezeka.

Halafu mtazame Yusufu. Alifia Misri, tena akiwa mtu mkubwa, angeweza kuzikwa kwa fahari huko huko. Badala yake aliwaapisha ndugu zake: Mungu atawajia, nanyi mtaipandisha mifupa yangu. Akatiwa katika jeneza, akakaa Misri. Usiku wa kutoka, Musa aliichukua mifupa ile (Kutoka 13:19), na mwishowe ikazikwa Shekemu (Yoshua 24:32). Yusufu naye kwa macho yake hakuona ukombozi. Ahadi ilimpita akiwa hai, ikamfuata kaburini.

Hapo ndipo lilipo jibu la waliokufa. Kwenye kijiti kinachowaka Mungu alijitambulisha kwa Musa kuwa Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, watu waliokwisha kuzikwa zamani. Bwana Yesu alilishika neno hilo hilo mbele ya Masadukayo, waliosema hakuna ufufuo wa wafu, akasema Mungu si Mungu wa wafu bali wa walio hai (Mathayo 22:32). Tukisema uaminifu wake unaishia pale mtu anapokata roho, basi hata Ibrahimu alidanganywa, maana alikufa akiwa na shamba la makaburi tu katika nchi aliyoahidiwa.

Sasa mwenzako wa maombi. Amekosea, na kosa hilo linawaumiza watu waliokwisha umia. Musa alipofika na habari njema, watu waliamini, wakainama wakasujudu (Kutoka 4:31). Kilichofuata? Farao aliwanyima majani ya kufyatulia matofali, wakayatafute wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue hata moja. Wanyapara wa Kiisraeli wakachapwa. Musa mwenyewe akamlalamikia Mungu kwamba hajawaokoa watu wake hata kidogo. Mungu akairudia ahadi, lakini safari hii watu hawakumsikiliza Musa, kwa uchungu wa moyo na utumwa mgumu (6:9). Mungu hakuwakemea. Alimwambia Musa aende tena kwa Farao, na mapigo yakaanza. Yaani walipoamini, kazi ilizidi. Walipochoka kuamini, ukombozi ukasonga mbele, kwa sababu ulisimama juu ya kiapo alichompa Ibrahimu.

Simaanishi kwamba imani haikudaiwa. Ilidaiwa usiku wa Pasaka, na ilidaiwa kwa kitendo: chinja mwana-kondoo, paka damu kwenye miimo ya mlango, kaeni ndani. Na waliopaka damu ile ni wale wale waliokuwa wamechoka kumsikiliza Musa.