Rubani aliyebaki dirishani

Mtoto wa kaka yangu alipata tetekuwanga wiki ileile wenzake walipotengeneza roketi. Roketi yenyewe ilikuwa mkokoteni mbovu chini ya mkorosho, nyuma ya nyumba yetu Mikindani, Mtwara, naye ndiye aliyekuwa rubani. Alipougua wakamweka mwingine. Akawa anashinda dirishani, kapakwa dawa nyeupe mwili mzima, anawatazama wakipaa.

Mimi huwasimulia watoto hadithi za anga za juu usiku, hasa umeme ukikatika, maana hapo huhitaji kuzichora nyota. Kosa langu la miaka mingi lilikuwa shujaa: siku zote mkubwa, mwenye misuli, anapigana na majoka ya sayari nyingine. Wadogo walisinzia kabla joka halijafa.

Safari hii nikawapa kisa cha kweli. Mwaka 1970 Ken Mattingly, mwanaanga wa Marekani, aliondolewa kwenye Apollo 13, safari ya kwenda mwezini, siku chache kabla ya kuruka, kwa sababu alikuwa karibu na mtu mwenye rubela, ugonjwa wa vipele, na madaktari waliogopa ataugua huko juu. Wenzake watatu wakaenda. Njiani, tangi la oksijeni likalipuka. Wakajibana kwenye chombo kidogo cha kutua mwezini, kilichotengenezewa watu wawili. Mattingly, huku Duniani, akawa miongoni mwa waliohangaika kutafuta namna ya kukiwasha tena chombo kikubwa kwa umeme kiduchu uliosalia. Wote watatu walirudi hai.

“Shangazi, naye alitoka vipele?” sauti ikauliza kutoka dirishani.

“Hata kimoja.”

Alicheka mpaka akasahau kujikuna.

Umbali nao una namna yake ya kuusimulia. Ukisema kilomita 384,000 mpaka mwezini, mtoto anakutazama tu. Sema ni kama kwenda Dar na kurudi mara zaidi ya 300, na basi halisimami Lindi hata kununua maji.

Ila pa kukaa kitako ni kwenye hewa. Vichujio vya hewa vya chombo kikubwa vilikuwa vya mraba, matundu ya kile kidogo ya duara, na hewa chafu inazidi. Hapo nyamaza. Uliza: “Ninyi humo ndani mna nini?” Wangu walitaja kifuu, kamba, kopo la maziwa na khanga ya bibi. Ndipo nikawaambia wale walitumia mifuko ya plastiki, karatasi ngumu na utepe wa gundi. Mkubwa wao akadakia kwamba mifuko hiyo hapa ilipigwa marufuku 2019, kwa hiyo sisi tungekufa. Tulibishana robo saa nzima, na hakuna aliyesinzia.

Asubuhi niliwapa makopo mawili na kamba, wafanye simu. Dirisha likawa kituo cha Duniani. Bila ruhusa ya mgonjwa hakuna kutua. Aliwazungusha juu kwa juu mpaka wali ukapoa.

Alipopona wakamwita apande. Akakataa. Sasa nina kesi nyingine nyumbani: mkokoteni mtupu, na watoto watano wanagombania dirisha moja.