Msanii Nimpendaye na Kura Yangu

SWALI: Mhariri, nakusalimu kwa heshima. Kwa miaka mingi nimekuwa mpenzi wa dhati wa mwanamuziki mmoja ambaye nyimbo zake zimenifariji katika vipindi vigumu. Hivi karibuni alipanda jukwaani kumuunga mkono mgombea ambaye mimi siwezi kumpa kura yangu. Marafiki zangu wanataka nizifute nyimbo zake zote kwenye simu, naye kaka yangu anasema wasanii waimbe tu, siasa wawaachie wanasiasa. Nimeumia kuliko nilivyotarajia. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hoja ya kaka yako, kwa sababu husikika kila msimu wa uchaguzi na mimi siikubali hata kidogo. Mwanamuziki hulipa kodi, husomesha watoto, hutibiwa hospitalini na huishi chini ya sheria zilezile zinazotuhusu wewe na mimi. Kumtaka anyamaze kwa kuwa tu anajulikana ni kumpokonya haki ambayo hatumnyimi fundi wala mwalimu.

Maumivu yako nayo yana maelezo. Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu namna watazamaji wa televisheni wanavyojenga ukaribu na watu ambao hawajawahi kukutana nao, ukaribu ambao kwa mtazamaji una joto la urafiki ilhali mtu wa upande wa pili hamjui kabisa. Ukiisha kuishi na sauti ya mtu masikioni mwako kwa miaka, ni rahisi kuamini kwamba anayeyaelewa majonzi yako anauelewa pia msimamo wako kuhusu serikali. Yeye hakukuahidi hivyo, na huzuni uliyo nayo ni ya kweli hata kama hakuna ahadi iliyovunjwa.

Nyimbo usizifute kwa kushinikizwa. Ukiniambia kwamba wimbo fulani unakugusa, sina haki ya kukudai ushahidi, kwa kuwa hakuna anayedhurika kwa wewe kuupenda. Kura ni jambo jingine: inaamua kodi, ajira, matibabu na usalama wa watu wengi ambao hutawaona maishani, na kwa hiyo inadaiwa sababu. Kinachonisikitisha katika mazungumzo yetu ya siku hizi ni kwamba tumeyachanganya mawili haya, tukawa tunamtetea mgombea kama shabiki anavyoitetea timu yake, kwa kelele na kwa kununiana, pasipo mtu kuuliza mgombea huyo anakusudia kufanya nini. Ningekushauri uache kumsikiliza msanii huyo endapo angechochea chuki au vurugu dhidi ya watu. Kutofautiana nawe kuhusu mgombea hakufiki huko.

Yapime maneno yake kama ambavyo ungeyapima ya jirani. Je, alitoa sababu, au alitaja jina tu na kuendelea kuimba? Je, alilipwa kutumbuiza kwenye mkutano huo wa kampeni? Kulipwa kwa kazi si aibu, lakini mimi naamini kwa dhati kwamba msanii anayelipwa na mgombea anapaswa kuwaambia mashabiki wake waziwazi, maana sifa iliyonunuliwa ni tangazo, nayo ipimwe kama tangazo.

Wala usidhani kwamba kauli za watu maarufu hazina athari, au kwamba zina nguvu ya kuamua kila kitu. Oprah Winfrey, mtangazaji maarufu wa televisheni wa Marekani, alipomuunga mkono Barack Obama katika mbio za urais mwaka 2007, wachumi Craig Garthwaite na Timothy Moore walikadiria baadaye kwamba alimwongezea kura zipatazo milioni moja katika mchujo wa kumpata mgombea wa chama cha Obama, ambao ushindani wake ulikuwa mkali mno. Septemba 2024 mwanamuziki wa Marekani Taylor Swift alitangaza kwamba angempigia kura mgombea urais Kamala Harris, na ndani ya saa 24 watu zaidi ya 400,000 walipitia kiungo alichokiweka kwenda kwenye tovuti ya serikali inayoeleza namna ya kujiandikisha kupiga kura. Hata hivyo, Harris alishindwa mwezi Novemba. Kufungua tovuti si kujiandikisha, na kujiandikisha si kumchagua yule aliyetajwa. Watu walisikia, kisha wakaamua wenyewe, na ndivyo nawe ulivyofanya.

SWALI: Naona waigizaji, wachekeshaji na wanamichezo wengi wanagombea uongozi. Je, umaarufu unamwandaa mtu kutawala?

JIBU: Umaarufu humfungulia mtu mlango ambao wengine huugonga kwa miaka mingi, basi. Ronald Reagan hukumbukwa kama mwigizaji aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia 1981 hadi 1989, lakini kabla ya hapo aliongoza chama cha waigizaji na akawa gavana wa California kwa miaka minane. George Weah, mwanasoka bora wa dunia wa mwaka 1995, alishindwa urais wa Liberia mwaka 2005, akaingia katika Seneti, akashinda urais katika uchaguzi wa 2017, kisha wananchi walewale wakamwondoa kwa kura mwaka 2023. Volodymyr Zelensky alikuwa mchekeshaji asiyewahi kushika wadhifa wa kisiasa alipochaguliwa kuwa Rais wa Ukraine mwaka 2019 kwa takriban asilimia 73 ya kura.

Usihitimishe haraka kwamba uzoefu unatosha. Joseph Estrada, nyota wa filamu wa Ufilipino, alikuwa meya, seneta na makamu wa rais kabla ya kuwa rais mwaka 1998, na bado aliondolewa madarakani Januari 2001 kwa tuhuma za ufisadi, akatiwa hatiani mwaka 2007. Mimi humtazama mgombea maarufu kwa jambo moja kuliko yote, nalo ni watu aliowaweka karibu naye: kama wapo wenye ujuzi na ujasiri wa kumpinga, namsikiliza, kama wamejaa wapambe wa kumshangilia, nina wasiwasi naye.

SWALI: Mimi si mtaalamu wa siasa. Tukikaa na wenzangu tunazungumza kidogo filamu, kidogo muziki, kidogo serikali. Je, maoni yangu yana maana yoyote?

JIBU: Yana maana kubwa kuliko unavyodhani. Mwaka 1940 Paul Lazarsfeld na wenzake walifuatilia wapiga kura wa wilaya moja ya jimbo la Ohio, Marekani, na wakabaini kwamba mazungumzo na watu wa karibu yaliwaelekeza wengi kuliko redio na magazeti yalivyofanya. Wenzako wanaokuamini katika kuchagua filamu watakuamini pia unapowaeleza kuhusu sera, ingawa filamu umeitazama na sera hukuisoma. Kwa hiyo sema unachokijua, taja ulikokipata, na ukigundua kwamba habari uliyowatumia haikuwa ya kweli, isahihishe katika kundi lilelile ulilowatumia, si kwa mtu mmoja faraghani.