Mgodi mmoja, nchi mbili: nani anatoza kodi?

Umeuliza: mwamba wa dhahabu ukipita chini ya mpaka, sheria ya nani inatumika? Jibu langu: zote mbili, kila moja upande wake, isipokuwa nchi hizo ziwe zimeandikiana mkataba unaosema vingine.

Tazama Chile na Argentina. Tarehe 29 Desemba 1997 marais Eduardo Frei na Carlos Menem walitia saini mkataba wa uchimbaji wa pamoja milimani Andes, ukaanza kufanya kazi mwaka 2000. Ndani ya eneo la mradi, fundi na mtambo wake wanavuka mpaka bila mlolongo wa kawaida wa forodha. Lakini mpaka wenyewe hausogei, na kila nchi inatoza kodi kwa kilicho chake. Hapo ndipo mahesabu yanapokuwa magumu: katika mradi wa Pascua-Lama wa kampuni ya Barrick, sehemu kubwa ya mawe ilikuwa Chile, kiwanda cha kuyasaga kikapangwa Argentina.

Na mkataba haufuti sheria ya mazingira, hili watu wengi hulisahau. Wakulima wa bonde la Huasco, upande wa Chile, wanaomwagilia kwa maji yatokayo kwenye barafu ya milima hiyo hiyo, walipigana na mradi huo miaka mingi. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Chile iliamuru upande wa Pascua, yaani sehemu ya mradi iliyo Chile, ufungwe moja kwa moja. Mimi nafurahi walisikilizwa. Maji yale hayana mbadala.